Wameiga kwa Majirani? Tuitazame Afrika ya 1990



Kuna neno linalorudi kila vijana wanapoingia barabarani mahali fulani: "wameiga". Juni 2024 vijana wa Kenya walipinga Muswada wa Fedha hadi Rais akakataa kuutia saini. Julai 23 wenzao wa Kampala wakajaribu kuandamana kuelekea bungeni kupinga rushwa, wakakamatwa. Agosti 1 ikawa zamu ya Nigeria, na Agosti 5 Waziri Mkuu wa Bangladesh, Sheikh Hasina, akaikimbia nchi yake. Basi wakubwa wakaona jambo limejieleza lenyewe: vijana hawa hawana shida yoyote, wameona kwenye simu zao, wameiga.

Sisi mafrateri wa mwaka wa falsafa tumelibishania neno hilo mezani na mabwenini, na tumefika mahali pa kuwa na msimamo. Ni kweli watu huiga. Hatuoni aibu kulikubali hilo. Mtoto huiga kusema, mwamini huiga watakatifu, na sisi wenyewe tumefika seminarini kwa sababu tulimwona padre fulani tukatamani kuwa kama yeye. Swali ni hili: watu wa nchi moja wanapowaona wa nchi ya pili wameinuka dhidi ya mtawala wa mabavu, wanachukua nini hasa kutoka kwao? Hasira? Hiyo kila nchi ina yake. Na tunadhani jibu linaonekana vizuri zaidi tukirudi nyuma kuliko tukibaki na habari za jana, kwa sababu ya nyuma tunajua yaliishaje.

Turudi basi hadi wimbi la 1989 hadi 1994 barani Afrika. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazazi wetu wanalikumbuka.

Lilianza mbali. Juni 4, 1989 Poland ilipiga kura, na chama cha wafanyakazi cha Solidarność kikawashinda wakomunisti. Novemba 9 Ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Siku ya Noeli, Desemba 25, Nicolae Ceaușescu wa Romania akapigwa risasi pamoja na mkewe. Siku ya Mwaka Mpya 1990 Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presibiteri alihubiri jijini Nairobi akiyatazama mambo ya Ulaya Mashariki na kuuliza kuhusu utawala wa chama kimoja nchini mwake. Serikali ilikasirika sana. Julai 7 mwaka huohuo yakatokea maandamano ya Saba Saba.

Lakini mahali ambapo wimbi lilipata umbo la Kiafrika hasa ni Benin, na hapo tunaomba wasomaji mtuvumilie, kwa sababu habari ya Benin haisimuliwi sana huku kwetu.

Mathieu Kérékou, meja wa jeshi, alitwaa madaraka Oktoba 26, 1972. Miaka miwili baadaye alitangaza kwamba nchi itafuata Umaksi na Ulenini. Kufikia 1989 hazina ilikuwa tupu, benki za serikali zimeanguka, na walimu na watumishi wa umma walikuwa wamekaa miezi bila mshahara. Wanafunzi waligoma, kisha walimu, kisha ofisi zikafuata. Desemba 7, 1989 Kérékou akatangaza kwamba Umaksi si itikadi ya taifa tena, na kwamba makundi yote ya nchi yataitwa kwenye Mkutano wa Kitaifa.

Mkutano huo ulikaa Cotonou kuanzia Februari 19 hadi 28, 1990, ukiwa na wajumbe karibu 500: wanasiasa wa zamani, wanajeshi, wakulima, wanachama wa vyama vya wafanyakazi, viongozi wa dini. Wakamchagua Askofu Mkuu mwandamizi wa Cotonou, Mhashamu Isidore de Souza, kuwa mwenyekiti. Rais alidhani ameita watu wa kumshauri. Wao wakapiga kura na kutangaza kwamba mkutano una mamlaka kamili, maana yake maamuzi yake yatamfunga hata Rais. Wajumbe wengine walitetemeka, kwani kulikuwa na maofisa wa jeshi walioliita tendo hilo mapinduzi. Askofu de Souza akawa mtu wa kwenda na kurudi, kuwatuliza hawa na kumsihi yule. Mwishowe Kérékou akakubali. Nicéphore Soglo akawa waziri mkuu wa mpito, na katika uchaguzi wa Machi 1991 akamshinda Kérékou. Naye Kérékou akaondoka kwa amani, miongoni mwa marais wa kwanza wa Afrika bara kushindwa kwa kura na kukubali.

Yote hayo yalisikika redioni. Lomé, mji mkuu wa Togo, haufiki kilomita 200 kutoka Cotonou. Ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Ndugu wanaishi pande zote mbili za mpaka na lugha zao ni za jamii moja. Hebu fikirini mtu wa Lomé aliyesikiliza siku zile. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameishi chini ya picha ya Gnassingbé Eyadéma ukutani, na sasa anasikia rais wa jirani akiambiwa makosa yake mbele ya umma na hakuna radi iliyoshuka kutoka mbinguni.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha Siasa, anapohesabu sababu za watu kuinuka dhidi ya watawala anataja hofu na dharau pamoja na nyingine. Darasani tulipita hapo haraka. Lakini Benin inatufundisha kwamba hofu na dharau zinapokezana. Mtu anaweza kuwa na sababu zote za kukataa dhuluma na asifanye lolote kwa miaka thelathini, kwa kuwa anaamini haiwezekani. Kinachovuka mpaka ni ushahidi kwamba inawezekana. Njaa ya Togo ilikuwa ya Togo, magereza yalikuwa ya Togo. Kutoka Benin ilikuja habari moja tu, kwamba mtu wa aina ya Eyadéma anaweza kuketi kitini akasikiliza.

Pamoja na ushahidi ulivuka pia utaratibu, yaani namna ya kufanya. Gaboni ilikuwa na mkutano wake kati ya Machi na Aprili 1990, mwenyekiti akiwa Askofu Basile Mvé Engone. Kongo-Brazzaville ikafuata Februari 1991 chini ya Askofu Ernest Kombo. Togo ilikutana Julai 1991 chini ya Askofu Philippe Kpodzro. Zaire ikafungua wake Agosti 7, 1991, ukiwa na wajumbe karibu 2,800, na mwishoni mwa mwaka huo Askofu Mkuu Laurent Monsengwo wa Kisangani akachaguliwa kuuongoza. Niger, nchi ya Waislamu walio wengi, ilimweka profesa wa historia, André Salifou. Wapo wanaosema yote hayo yaliagizwa na Ufaransa, kwa sababu Rais Mitterrand alitoa hotuba pale La Baule akiunganisha misaada na demokrasia. Hotuba ile ilitolewa Juni 20, 1990. Cotonou walikuwa wameshamaliza kazi miezi minne nyuma.

Sasa tufike kwenye upande ambao wapenzi wa mabadiliko hawapendi kuusikia.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kwa kawaida tunamwambia hivyo mtu wa kawaida. Katika miaka ile waliotia maji upesi zaidi walikuwa watawala. Wengine walitia maji kwa hekima. Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alisema hadharani mapema mwaka 1990 kwamba mfumo wa chama kimoja si kitu kitakatifu kisichoguswa na kwamba tunayo ya kujifunza kutoka Ulaya Mashariki. Ikaundwa Tume ya Nyalali. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na sheria ikaanza kutumika Julai 1, 1992. Mtu anaweza kuubishia uamuzi huo, na wazee wengi wa parokia zetu wanaubishia mpaka leo. Lakini haukuhitaji damu.

Wengine walijifunza mengine. Mobutu wa Zaire alikuwa rafiki wa Ceaușescu. Aprili 24, 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja huku akilengwalengwa na machozi mbele ya kamera. Usiku wa Mei 11 kuamkia 12, askari wake waliingia katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mji wa watu wanaosema Kiswahili kama sisi, wakawashambulia wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Siku kumi na nane zilitenganisha machozi na visu.

Eyadéma naye alikubali mkutano, akauacha useme yote, kisha akangoja. Kabla ya hapo, Aprili 1991, maiti zaidi ya ishirini zilikuwa zimeopolewa kutoka katika maji ya mtaa wa Bè, Lomé. Desemba 3, 1991 wanajeshi walivamia ofisi ya waziri mkuu aliyechaguliwa na mkutano, Joseph Koffigoh, wakamkamata. Eyadéma alibaki madarakani hadi alipokufa mwaka 2005, na mwanawe akarithi. Paul Biya wa Kamerun alifanya hesabu rahisi kuliko wote: Juni 1991, miji ikiwa imefungwa kwa mgomo, alitangaza kwamba mkutano wa kitaifa hauna maana, na hakuuitisha. Aliingia Ikulu mwaka 1982. Yumo hadi leo.

Kwa nini Benin ilifaulu na Togo ikashindwa, ilhali utaratibu ulikuwa ule ule, hata kiti cha askofu kikiwemo? Kérékou hakuwa na fedha za kulipa jeshi, na jeshi lenyewe halikuwa la mtu mmoja. Eyadéma alikuwa amejenga jeshi lake kwa watu wa kwao kaskazini, na lililipwa. Tofauti hiyo haikusikika redioni. Hapa ndipo tunapowaonya vijana wenzetu. Ujasiri unaweza kuazimwa kwa jirani, lakini kujua nchi yako hakuazimwi. Mwenye kuiga maandamano ya Nairobi kwa kutazama video za dakika moja ameona watu wakikimbia na bendera. Hajaona mahakama zilizowahi kuikatalia serikali, wala mawakili waliokesha vituoni kudai waliokamatwa, wala katiba ya 2010 iliyopiganiwa kwa miaka ishirini. Hayo hayaingii kwenye simu.

Sasa, sisi ni watu wa Kanisa, na hatuwezi kupita juu ya swali linalotuhusu. Maaskofu wale walifanya nini pale? Kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa inawakataza makleri kushika nyadhifa za umma zenye mamlaka ya kiserikali. Tunaifahamu, tutaulizwa kwenye mtihani. Kwa maoni yetu, kilichowafaa Benin ni kile kile ambacho kanuni hiyo inakilinda. Walitafuta mtu ambaye hakuna atakayemshuku kwamba anautaka urais. Padre asiye na mke, asiye na chama, ambaye kesho atarudi kwenye misa yake, ndiye pekee aliyeweza kumwambia mwanajeshi na mpinzani maneno yale yale. De Souza alipomaliza mpito alirudi jimboni. Kwa Monsengwo ilikuwa vigumu zaidi. Alibaki akiongoza bunge la mpito kwa miaka kadhaa, Mobutu akimzungusha, na hata waamini wakaanza kumnung'unikia. Hatumhukumu. Lakini tukiwekwa mbele ya mifano miwili, tunajua upi tungependa kuufuata.

Kuna jambo la Zaire, hata hivyo, lisiloweza kuachwa. Januari 1992 serikali iliusimamisha mkutano. Dominika ya Februari 16 waamini wa Kinshasa walitoka misani wakaandamana, rozari na Biblia mikononi, wakiimba, wakidai ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi. Watu wengi walikufa. Mwezi Aprili mkutano ulifunguliwa. Desemba 31, 2017 Wakatoliki wa Kinshasa waliandamana tena baada ya misa, safari hii wakimtaka Rais Kabila aheshimu katiba na asigombee tena. Viongozi wa maandamano hayo walikuwa walei. Nao waliiga, ila waliwaiga wazazi wao.

Sasa tuje kwa jirani yetu wa kusini. Zambia ilimwondoa Kaunda kwa kura Oktoba 31, 1991. Malawi bado ilikuwa chini ya Rais wa Maisha, Dkt. Kamuzu Banda. Nchi haikuwa na televisheni hata moja, na redio ilikuwa ya serikali. Machi 8, 1992, Dominika ya Kwaresima, barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki ilisomwa katika makanisa yote kwa siku moja, ikiwa imeandaliwa kwa Kiingereza, Kichewa na Kitumbuka. Haikumwita mtu yeyote barabarani. Ilizungumza juu ya mishahara duni, shule zilizojaa kupita kiasi, hospitali zisizo na dawa, na watu kuogopa kusema wanachokifikiri. Mambo ambayo kila mwamini kanisani aliyajua. Serikali ikaitangaza kuwa waraka wa uchochezi, maaskofu wakaitwa polisi kuhojiwa, na Monsinyori John Roche, Mwairishi aliyesimamia Jimbo la Mzuzu lililokuwa likipakana na Tanzania wakati huo, akafukuzwa nchini. Ndani ya siku chache wanafunzi wa Chuo cha Chancellor wakaandamana. Wapresibiteri, ambao Banda mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa lao, wakajiunga. Juni 14, 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakachagua vyama vingi. Mwaka uliofuata Banda alishindwa uchaguzi akakubali.

Angalieni kwamba barua ile haikutoa habari mpya hata moja. Ilichofanya ni kuwafanya watu wajue kwamba wenzao nao wanajua. Mtu aliyekuwa benchi la mbele aligeuka akaona wa nyuma yake anatikisa kichwa. Tunaamini ndivyo na mipaka inavyovukwa: ninyi wa nchi jirani mnasema kwa sauti kile tulichokuwa tukikiwaza kimya kimya, kila mmoja nyumbani kwake. Ndiyo maana kuzima intaneti hakuzuii sana. Malawi ya 1992 haikuwa na intaneti ya kuzimwa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza kama uasi ni dhambi ya mauti, na anajibu kwamba ni dhambi. Kisha anaongeza jambo ambalo baadhi yetu hatukulitegemea: kuupinga utawala wa kidhalimu si uasi wa namna hiyo, kwani mwasi hasa ni dhalimu mwenyewe, anayelisha mafarakano ili akae salama. Lakini anaweka sharti. Upinzani usiwe wa fujo kiasi kwamba watu wadhurike zaidi kuliko walivyodhurika chini ya dhalimu. Wanaompenda Thomas kwa sentensi ya kwanza huwa wanasahau ya pili.

Sisi wa Maziwa Makuu hatuwezi kuisahau. Wimbi lile lile la vyama vingi lilifika Rwanda mwaka 1991, na vyama vikaunda makundi ya vijana. Kutoka humo wakatoka Interahamwe. Burundi ilifanya uchaguzi mzuri Juni 1993, na Oktoba 21 Rais Melchior Ndadaye akauawa na wanajeshi, miezi mitatu tu tangu aapishwe. Wakimbizi waliovuka kuja Ngara na Kigoma waliletwa na miaka hiyo hiyo tunayoisifu. Si haki kuwasingizia watu wa Cotonou damu ya Kigali. Ila anayesema kwamba kila kinachovuka mpaka ni uhuru, aende akawaulize wazee wa Ngara.

Kwa hiyo mtu akituambia vijana wameiga, tunamwuliza maswali mawili. Je, wanachokilalamikia kipo au hakipo? Kikiwepo, kuiga hakukifuti. Na je, mnaowaogopa majirani, ninyi mmejifunza kutoka kwa nani, kwa Kérékou au kwa Eyadéma? Vijana nao tunawauliza: siku ya pili baada ya maandamano ni nani ataketi kitini, na ni nani kati yenu yuko tayari kuketi bila kutaka kubaki?

Huko Malawi, aliyemrithi Banda alikuwa Bakili Muluzi, mtu ambaye barua ya maaskofu ilimfungulia njia. Mwaka 2002 wafuasi wake walipeleka bungeni muswada wa kuondoa ukomo wa vipindi vya urais ili aendelee. Makanisa yaliyokuwa yamempinga Banda yakampinga na yeye. Muswada ulikosa kura tatu. Mwaka 2004 Muluzi aliondoka Ikulu.